Mkono, Mguu na Sauti: Fanani Mmoja Mwenye Ala Nyingi

Katika tasnifu nyingi za fasihi simulizi zinazowasilishwa katika idara za Kiswahili nchini Kenya, wimbo humfikia msomaji ukiwa umevuliwa nguo. Maneno yamenukuliwa kwa makini, tafsiri imewekwa kando yake, tamathali zimehesabiwa na maudhui yameainishwa. Aliyeimba alikuwa ameketi au amesimama? Mikono yake ilishika nini? Miguuni alivaa njuga, msewe, au hakuvaa kitu? Aghalabu tasnifu haisemi. Fanani amegeuzwa kinywa kisicho na mwili.

Kasoro hii hujitokeza waziwazi pale fanani anapokuwa mtu mmoja anayepiga ala kadhaa kwa wakati mmoja. Vitabu vya kiada vimezoea kuugawa utendaji mafungu mafungu: huyu anaimba, wale wanapiga ngoma, wengine wanacheza, hadhira inaitikia. Mgawanyo huo unafaa kuelezea ngoma ya kijiji kizima. Haufai hata kidogo kumwelezea mpiga nyatiti.

Nyatiti ya Wajaluo ina nyuzi nane zilizofungwa kwenye fremu ya mbao, na chini yake pana bakuli la mbao lililowambwa ngozi. Mpigaji huketi juu ya kigoda kifupi karibu na ardhi, ala ikiwa mbele yake. Mikono miwili hudonoa nyuzi. Kidole gumba cha mguu huvishwa pete nzito ya chuma, oduong'o, nayo hugonga mwili wa ala kwa mapigo ya kupimwa. Mguuni hufungwa gara, yaani njuga, ambazo hulia kila mguu unapotikisika. Juu ya hayo yote, mtu huyo huyo huimba, husifu, hutania waliohudhuria na huomboleza marehemu. Uzi, chuma, njuga na sauti hutoka kwa mtu mmoja, wala hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho pambo la kingine.

Mwanafunzi wa arudhi ana sababu ya kulizingatia jambo hili. Mshororo unaoonekana mfupi kwenye karatasi huenda haukuwa mfupi masikioni mwa waliousikiliza, kwa kuwa nafasi iliyobaki ilijazwa na uzi na pete. Anayehesabu mizani ya maneno peke yake kisha akatangaza kwamba wimbo hauna urari amehesabu nusu ya wimbo. Hukumu kama hiyo imewahi kutolewa mno dhidi ya tungo simulizi za bara, na chanzo chake si uhaba wa sanaa bali ni uhaba wa masikio.

Wala ufundi huu si wa Afrika Mashariki pekee. Wanamuziki wa Ulaya katika Zama za Kati walishika filimbi yenye matundu matatu kwa mkono mmoja na kupiga kigoma kwa mkono wa pili. Nchini Marekani, Jesse Fuller (1896–1976) alipiga gitaa na kupuliza kinanda cha mdomo huku mguu wake ukipiga nyuzi za besi kwa chombo alichokibuni mwenyewe. Huku kwetu, tangu miaka ya 1990, wapo waimbaji wa mugithi wanaotumbuiza ukumbi mzima kwa gitaa moja, na wapo wapigaji wa kinanda cha umeme katika harusi za pwani na bara. Hawa wa mwisho inafaa watengwe kidogo. Anayebonyeza kitufe ngoma ikajipiga yenyewe ni msimamizi wa mashine. Huenda akawa msimamizi hodari sana, lakini mguu wake umepumzika.

Nyatiti na Mto Tana vinakutana mahali ambapo wengi hawapatarajii. Mwaka 1963, Kenya ilipokaribia uhuru, kazi ya kuandaa wimbo wa taifa ilikabidhiwa watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Omondi ndiye ambaye mwaka 1980 aliandika tasnifu ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha London kuhusu muziki wa nyatiti. Lahani iliyochaguliwa ilitokana na wimbo wa kubembeleza watoto wa Wapokomo wa Mto Tana, nayo ilitolewa na Mzee Meza Moroa Galana. Hivyo basi, mezani palikuwa na mtaalamu wa baadaye wa ala ya mtu mmoja, na mbele yake palikuwa na wimbo wa mtu mmoja.

Kwani mama anayebembeleza ni nani katika istilahi za utendaji? Ana mtoto mgongoni au kifuani. Sauti inaimba. Kiganja kinapigapiga mgongo wa mtoto taratibu, nacho ndicho ngoma. Miguu inapokezana uzito ili mwili uyumbe, na myumbo huo ndio unaoamua wimbo uende upesi au polepole. Maneno ya wimbo ule wa Kipokomo humtisha mtoto anayelia kwa kumtaja mnyama wa porini, ilhali kiganja na myumbo vinamwambia kinyume chake, kwamba yuko salama. Anayesoma maneno pekee ataandika kwamba bembelezi hiyo ni ya kikatili. Anayeutazama mkono ataandika jambo jingine kabisa, kwamba kitisho kimewekwa ndani ya pigo la upole, na kwamba kejeli ya wimbo imo baina ya kinywa na kiganja. Ni ufundi wa ala zaidi ya moja, ijapokuwa ala zenyewe ni viungo vya mwili.

Taifa lilichukua lahani, likaitungia maneno mapya na kuikabidhi kwa tarumbeta za bendi za polisi na jeshi. Hilo halina ubaya, maana wimbo wa taifa una kazi yake. La kusikitisha ni kwamba wanafunzi wa Kiswahili wanaoimba wimbo huo tangu shule ya msingi hawajawahi kuelezwa mkono ulikuwa ukifanya nini.

Eneo hilo hilo la mto lina ushahidi mwingine, tena katika kazi inayosomwa sana. Masimulizi ya Fumo Liyongo yamefungamana na Kipini na Ozi, kwenye mlango wa Mto Tana, kusini mashariki mwa Garsen, na Wapokomo nao wanayo masimulizi yao kumhusu. Kila mwanafunzi aliyesoma utendi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913 anaukumbuka mkate wa wishwa uliofichwa tupa, mama aliyeupika na kijakazi Saada aliyeupeleka gerezani. Wachache huuliza kwa nini mlio wa tupa haukusikika. Haukusikika kwa sababu nje palichezwa gungu lenye vishindo, alilolitaka Liyongo mwenyewe. Mpango wote wa kutoroka umejengwa juu ya ala. Zikiondolewa ala hizo, shujaa anashikwa usiku ule ule na utendi unakwisha. Liyongo anaimba kwa kinywa na kukata pingu kwa mkono, nao umati wa nje unapiga pasipo kujua unampigia nini.

Watakuwapo watakaosema kwamba ala ni shughuli ya idara za muziki, na kwamba mtaalamu wa Kiswahili anatosheka na lugha. Hoja hiyo ina uzito kiasi, maana si haki kumdai mwanafunzi wa isimu aandike nota. Lakini hakuna anayedai nota. Kinachodaiwa ni maelezo kwa Kiswahili fasaha, na hapo ndipo udhaifu unapokuwa wa kilugha hasa. Kitenzi 'piga' hubeba ngoma, zeze, gitaa na hata simu. Kiswahili kinavyo vitenzi vingine: kudonoa, kutikisa, kugonga, kupuliza, kukwaruza, kupapasa. Mtafiti asiyevitumia amejinyima mwenyewe. Wapo pia wanaotaka mwanamuziki wa aina hii aitwe 'bendi ya mtu mmoja', tafsiri sisisi isiyo na ladha, ilhali lugha inalo neno manju kwa fanani hodari wa ngomani, nalo linaweza kupanuliwa maana bila kuumiza mtu.

Haraka ipo, na katika Mto Tana ipo zaidi. Mapigano yaliyoanza Agosti 2012 katika eneo la Garsen yaliua watu zaidi ya mia moja na kuwatawanya wengine wengi. Mafuriko ya mwaka 2018, na yale ya miaka ya 2023 na 2024, yalihamisha vijiji vya kandokando ya mto. Mzee anayehamia kambini hubeba wajukuu na godoro, na ala ya mbao na ngozi huachwa majini. Kipokomo, kama Kiswahili, ni lugha ya kundi la Sabaki, ndugu wa tumbo moja. Ni ajabu kwamba idara zetu hutuma wanafunzi Lamu na Mombasa mwaka baada ya mwaka, na basi linapofika Garsen hushuka tu kununua maji.

Idara inayotaka kurekebisha hali hii haihitaji fedha nyingi. Simu ya mkononi hurekodi picha na sauti. Katika kiambatisho cha tasnifu, ukurasa wa wimbo unaweza kugawanywa safu tatu, ya maneno, ya mkono na ya mguu, na mtahini akatoa alama kwa kila safu. Nakala moja ya rekodi ibaki Hola au Garsen, kwa wenyewe, kabla ya nakala nyingine kupandishwa basi kuelekea Nairobi.