Mtoto Hasahau

Ipo dhana iliyotia mizizi majumbani mwetu, kuanzia Molo na Njoro hadi Gilgil na Naivasha, nayo hutamkwa aghalabu na watu wema, kwa nia safi: kwamba mtoto, maadamu ni mtoto, husahau. Akifiwa na mamaye, hupelekwa kwa jirani asilione jeneza; nyumba yao ikiteketezwa, huambiwa akacheze na wenziwe, naye akinyamaza, wazee wake hushusha pumzi na kusema, "Huyu hajui kitu, atasahau tu." Dhana hiyo ni batili, na mimi naihesabu miongoni mwa taksiri kubwa tulizowafanyia watoto wa Bonde la Ufa, kwa kuwa tumeifanya hoja ya kuwanyima tiba.

Tuyakumbuke yaliyopita katika ardhi hii. Mapigano ya 1992 yaliwafukuza watu Molo na Olenguruone. Mwanzoni mwa 1998 yakazuka Njoro. Kisha Januari 2008, baada ya uchaguzi, Nakuru na Naivasha zikawaka, na tarehe 27 watu 19 waliojificha katika nyumba moja mjini Naivasha wakateketezwa humo, watoto wakiwamo. Maelfu walipiga hema katika Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru. Mwezi wa Mei serikali ilipoanzisha mpango wa Rudi Nyumbani, kila aila ilitengewa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na waliobomolewa nyumba shilingi 25,000. Ila usingizi wa mtoto aliyeyaona mapanga haukuwa na fungu katika hesabu hiyo. Yule aliyekuwa na miaka saba siku zile leo ni mtu mzima mwenye watoto, na kila uchaguzi unapokaribia hufunga virago na kuipeleka aila yake ushago. Hadhari hiyo simlaumu hata kidogo. Ninalouliza ni kwa nini, hata katika miaka ya amani, kelele za umati stendi humtoa kijasho chembamba, na kwa nini hakuna aliyepata kumwambia kwamba hali hiyo yatambulikana na ina tiba.

Huko tunakokuita kusahau, tukikutazama kwa karibu, kuna sura zake. Mtoto wa miaka minane, aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani, huanza tena, na asubuhi huchapwa na kuamriwa kulianika godoro lake mbele ya majirani. Msichana wa darasa la sita husokotwa na tumbo kila Jumatatu, na zahanati haioni minyoo wala amiba. Kijana wa sekondari huwaka kwa neno dogo, akaitwa mtundu, akarudishwa nyumbani kumwita mzazi. Na yule mtoto wa Solai aliyenusurika usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la Patel lilipopasuka na kuua watu zaidi ya 40, ikiwa hulala na viatu miguuni kila mvua inapopiga mabati, amesahau nini?

Wako watakaosema kwamba tiba ya mazungumzo ni mambo ya Wazungu na ya matajiri wa Nairobi, na kwamba Mwafrika hutibiwa na jamaa zake na wakati. Hoja hiyo imekwisha kupimwa, tena karibu nasi. Huko Masaka na Rakai, nchini Uganda, katika vijiji vilivyokuwa vimeelemewa na ukimwi, watu wazima wenye maradhi ya sonona walikutana kwa makundi kwa tiba ya mazungumzo, saa moja na nusu kila wiki kwa muda wa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji wenzao waliofunzwa kazi hiyo, wasio madaktari. Matokeo yalichapishwa 2003: miongoni mwa waliotibiwa, waliosalia na maradhi hayo hawakufika 7 katika kila 100; miongoni mwa walioachiwa wakati uwatibu, walizidi 50.

Kwa watoto nao, mayatima 640 wa Bungoma, na wa Moshi nchini Tanzania, wenye umri wa miaka 7 hadi 13, waliingizwa katika utafiti uliochapishwa 2020, na nusu yao wakapewa tiba ya makundi, mikutano 12, chini ya wenyeji waliofunzwa. Katika tiba ya namna hii mtoto hufunzwa kwanza kuituliza pumzi yake na kuzitaja hofu zake. Kisha, kidogo kidogo, huichora na kuisimulia siku ile ya msiba tangu asubuhi yake, mpaka ile saa ambayo hakuna aliyethubutu kumwuliza habari zake. Na mlezi wake, ambaye naye hufunzwa kando, huja kuyasikiliza hayo bila ya kumkatiza. Katika vijiji vya Moshi waliotibiwa na wasiotibiwa walipata nafuu karibu sawa, nami silifichi jambo hilo. Lakini Bungoma, mjini na mashambani, na Moshi mjini, tofauti ilikuwa dhahiri tiba ilipomalizika.

Tiba hiyo si hotuba ya siku moja. Desturi yetu ni kwamba janga likitokea washauri hufika kwa magari, hukaa siku chache, wakaondoka pamoja na kamera. Ilhali imekwisha kubainika kwamba kikao kimoja cha papo kwa papo hakizuii kiwewe. Wala sala siipuuzi: padri na imamu ndio wanaofikiwa kwanza na wenye simanzi, na yafaa wajue ni nani wa kumkabidhi mtoto ambaye dua pekee hazijamrudishia usingizi.

Naiomba basi serikali ya Kaunti ya Nakuru iwafunze kazi hii baadhi ya wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao tangu 2023 huzunguka nyumba kwa nyumba wakipima shinikizo la damu na sukari. Na wakuu wa shule nawaomba wampunguzie mwalimu wa ushauri nasaha vipindi vya hesabu, wamwondoe katika kamati ya nidhamu, na wampe chumba chenye mlango unaofungika. Nawe mzazi, leo jioni, mwulize mwanao analala vipi, kisha unyamaze mpaka amalize kukujibu.