Matembezi ya Mikindani

Jumamosi vijana wetu walicheza mpira huko Mtwara, wakafungwa. Mchezo wa pili ulikuwa Jumatatu, nao wakakaa wamenuna, wote wakimlaumu kipa. Basi Jumapili, baada ya ibada, tuliwachukua kwenda Mikindani, mwendo wa kilometa 10 hivi, tukautembea mji ule kwa miguu.

Tuliziona nyumba za mawe ya matumbawe, milango ya nakshi, na Boma walilolijenga Wadachi mwaka 1895. Kisha tukasimama ufukoni. Zamani watumwa kutoka bara walipakiwa majahazini hapa. Hapa pia alishuka David Livingstone, Machi 1866, akianza safari yake ya mwisho. Katika watu wake alikuwamo Chuma, kijana Myao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861.

Mmoja akauliza, "Mwalimu, huyo Chuma alifanya nini?"

Tukamjibu, "Livingstone alipokufa mwaka 1873, Chuma na Susi na wenzao waliuchukua mwili wake mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Walipokezana mzigo, wala hawakuutupa njiani."

Vijana wakanyamaza. Wakati wa kurudi, yule aliyemlaumu kipa kuliko wote alimchukulia mfuko wake. Jumatatu walifungwa tena, lakini walitoka uwanjani pamoja.

Enyi wazazi, mwaonyeshapo watoto wenu mji wa kale, waambieni pia habari za waliobeba mizigo.