Kwa mnaomfikisha ng'ombe machinjioni

Greeley, Colorado

Ndugu zangu wafugaji, wasafirishaji, wachinjaji na wenye mabucha,

Kazi yangu huku ni kupokea ng'ombe kwenye mazizi ya machinjio na kuwafikisha mahali pa kuchinjiwa. Kila nikija likizo Tanzania nasikia lalamiko lilelile: nyama yetu ngumu, inachemka asubuhi nzima na bado inashinda meno. Lawama anatupiwa ng'ombe wa asili. Umri, mbegu na malisho vina sehemu yake, sikatai. Lakini kuna ubora tunaoupoteza wenyewe, kati ya mnada na kisu.

Msuli wa ng'ombe hai una akiba ya sukari iitwayo glaikojeni. Akishachinjwa, sukari hiyo hugeuka asidi, na pH ya nyama, kipimo cha uchachu, hushuka kutoka karibu 7 hadi kama 5.5 ndani ya saa 24. Uchachu huo ndio unaoipa nyama wekundu mzuri na kuizuia isiharibike upesi. Ng'ombe aliyeshinda njaa na kiu safarini, akapigana na madume asiowajua, anaimaliza akiba hiyo angali amesimama. pH hubaki juu, pengine kupita 6. Hapo hakuna jokofu litakalokuokoa.

Huku ubavu hupasuliwa kati ya mbavu ya 12 na ya 13, na mkaguzi wa madaraja akautazama mnofu. Nimewahi kusimama karibu, ng'ombe wawili waliochunwa wametundikwa sambamba. Mmoja mnofu wake mwekundu, umelowa kidogo. Wa pili ulikuwa wa zambarau inayokaribia weusi, mkavu juu, kisu kinanata. Huyo wa pili hushushwa daraja, na bei yake hushuka pia.

Sasa mfikirieni ng'ombe anayetoka Mwanza kwenda mnada wa Pugu, safari ya zaidi ya kilometa 1,000. Akianguka ndani ya lori anakanyagwa na wenzake, na ili ainuke anasokotwa mkia. Pasipo na ngazi ya kushukia, anarukishwa chini. Kila rungu linalompata huvilisha damu kwenye nyama, na hilo halionekani mpaka ngozi itoke. Kilichovilia hukatwa kikatupwa: kilo zilizolishwa miaka, zikapotea kwa pigo moja. Marekani ina sheria ya kuwateremsha wanyama wapumzike, wale na kunywa baada ya saa 28 tangu mwaka 1873. Sisi nasi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008.

Kwa nini basi fimbo haiwekwi chini? Naona ni kwa sababu minada mingi bado inauza kwa kukadiria kwa macho. Mfugaji akishahesabu fedha zake, hasara ya njiani si yake tena. Msafirishaji anahesabu vichwa vilivyofika hai. Mwenye bucha anamsukumia mlaji. Hasara inazunguka bila mwenyewe, na aliyeshika fimbo haimgusi.

Jirani yetu hapa, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, yupo Profesa Temple Grandin, aliyeingia mwenyewe ndani ya mapito ya ng'ombe ili aone wanachokiona. Hupima machinjio kwa kuhesabu: wangapi wamelia, wangapi wameanguka, wangapi wamechomwa kwa fimbo ya umeme. Nasi kazini tumewahi kukwama, ng'ombe wakigoma kupita, kwa sababu ya mnyororo uliokuwa unaning'inia na kumetameta. Ulipoondolewa, waliingia bila kuguswa. Watafiti wa Australia nao walionesha kwamba kumchoma ng'ombe kwa umeme katika dakika za mwisho kunaifanya nyama iwe ngumu zaidi kwa mlaji.

Mchungaji wa Kisukuma hahitaji kufundishwa haya. Anajua asimame wapi nyuma ya bega ili ng'ombe aende mbele, na kundi zima analivusha kwa mluzi. Inaniuma kwamba ujuzi huo unaishia mlangoni mwa mnada, na ng'ombe anakabidhiwa kwa watu wenye haraka. Waislamu miongoni mwetu wanajua pia Mtume alivyoagiza: kisu kinolewe, mnyama apumzishwe.

Hatuhitaji mitambo ya huku. Rundikeni udongo uwe ngazi ya kushukia. Wapeni maji wakifika, na kivuli. Msichanganye madume ya mazizi tofauti. Mkiweza, waacheni wapumzike kabla ya kuchinjwa, kwa sababu akiba ile ya msuli hairudi kwa saa chache.

Nanyi wenye mabucha, naomba mwanze ninyi, maana fedha iko mikononi mwenu. Nunueni kwa kilo, mkague nyama ikishachunwa, na iliyovilia damu msiilipie bei kamili. Msafirishaji awepo, aoneshwe, na aambiwe ni kwa nini.