Watoto Wasiuziwe Makapi

Mwaka 1994 kampuni ya Disney ya Marekani ilitoa filamu ya watoto iitwayo The Lion King. Simba alichorwa kwa mkono, akapewa uso wenye hofu, aibu na majonzi ambayo mtoto wa miaka mitano aliyaelewa bila kufasiriwa. Mwaka 2019 kampuni hiyo hiyo iliirudia hadithi ile ile kwa kompyuta, ikatengeneza wanyama wanaofanana mno na wale wa mbugani. Manyoya yalipendeza, lakini uso ulikufa: Simba anamlilia baba yake kwa uso ule ule ambao angepigia miayo. Hata hivyo zilikusanywa dola zaidi ya bilioni 1.6.

Hatusemi kwamba faida ni dhambi. Mchoraji naye sharti ale. Tunachokataa ni kipimo kimoja tu kutawala kile apewacho mtoto, yaani, je, kiliuzika jana? Mtu mzima akiuziwa makapi atanung'unika. Mtoto hushangilia, kwa kuwa hana cha kulinganisha nacho, na hapo ndipo dhuluma ilipo.

Tena sisi wasemaji wa Kiswahili tunayo madai yetu. Mwaka 2003 maneno "Hakuna Matata" yaliandikishwa huko Marekani kuwa alama ya biashara ya Disney kwenye mavazi. Usemi wa watu wetu umegeuzwa chapa ya fulana!

Wazazi na walimu wa watoto, kabla filamu yoyote haijaonyeshwa katika ukumbi wa parokia, tuitazame kwanza sisi wenyewe hadi mwisho, na iliyo tupu tuirudishe.