Gari Kuukuu Nalo ni Kumbukumbu ya Umma

Hapa Kawajense ninatunza Land Rover ya Series III, aina iliyoundwa kati ya 1971 na 1985. Bodi yake ya alumini haishiki kutu kama chuma. Chesisi ndiyo huliwa taratibu na tope la masika. Kila kiangazi huiosha chini, huipaka oili, kisha huipiga picha: namba ya chesisi, viungo, viraka vya mafundi wetu.

Wapo wanaohoji kwa nini msomi ahangaike na chuma chakavu. Jibu langu ni la kisiasa. Baadhi ya magari ya viongozi wakuu yamehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Lakini gari lililobeba chanjo, makarani wa sensa na masanduku ya kura vijijini mara nyingi hupigwa mnada na kukatwakatwa bila kuachiwa hata picha moja. Taifa linalotunza gari la mkubwa na kuyeyusha la mchanjaji limekumbuka nusu ya historia yake.

Ndugu watumishi wa umma, kabla ya mnada lipigeni picha. Andikeni lilihudumu wapi na nani aliliendesha. Nanyi wanafunzi, wahojini madereva wastaafu wangali hai.