Wazee wa Jiji Wanyooshe Viungo Wapi?

Mjadala juu ya wazee nchini mwetu aghalabu huishia kwenye zile shilingi 2,000 za kila mwezi wanazolipwa waliotimiza miaka 70 na kusajiliwa katika mpango wa Inua Jamii. Fedha hizo zina umuhimu wake, wala hapana mwenye akili timamu atakayezibeza. Lakini ipo haja nyingine, isiyo na gharama kubwa, ambayo ni nadra kuisikia katika hotuba za wakubwa: mahali pa wazi, pasipo kiingilio, ambapo mzee wa mjini anaweza kunyoosha viungo vyake bila hofu ya kugongwa na matatu.

Mzee wa mashambani hana haja ya kuhimizwa afanye mazoezi. Jembe, mifugo na kilima cha kupanda aendapo sokoni humtosha. Yule aliyestaafia Nairobi, akabaki kwa mwanawe mtaani Umoja au Huruma, hushinda akitazamana na ukuta. Akitoka nje, njia ya waendao kwa miguu imekaliwa na vibanda na pikipiki. Magoti hukakamaa, misuli hulegea, na siku moja akiteleza bafuni huvunjika nyonga. Gharama ya nyonga hiyo huibeba jamaa nzima, pengine kwa harambee.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilipendekeza kwamba wenye umri wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila juma, na kwamba siku tatu au zaidi wafanye pia mazoezi ya kutia misuli nguvu na kuwawezesha kusimama imara wasianguke. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Je, nusu saa hiyo itatumiwa wapi?

Bustani jijini zipo, na kila moja ina historia ya kunusurika. Jeevanjee Gardens, waliyopewa wakazi wa Nairobi na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka 1906, ingalijengwa majumba lau watu wasingaliipigania mwaka 1991. Uhuru Park iliponea mwaka 1989, marehemu Wangari Maathai alipopinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60. Ilipofungwa mwaka 2021 ili ikarabatiwe, wananchi walikaa nje ya ua kwa muda mrefu. Msitu wa Karura nao, uliookolewa kwa jasho na damu, hutoza kiingilio. Sina ugomvi na ada hiyo, maadam msitu lazima utunzwe. Lakini mzee wa Kayole akijumlisha kiingilio na nauli ya kwenda na kurudi, mara tano kwa juma, atakuwa amekwisha kula zile shilingi 2,000 kabla ya mwezi kwisha.

Basi mahali penyewe lazima pawe karibu na nyumbani. Hapa ndipo wengi hukimbilia kusema tununue vyuma vya mazoezi. China ilifanya hivyo: baada ya mpango wa taifa wa mazoezi ya mwili uliotangazwa mwaka 1995, fedha za bahati nasibu ya michezo zilitumika kusimamisha vyuma katika mitaa na bustani, na wazee wakawa miongoni mwa watumiaji wake wakuu. Kwetu nahofia kwamba vyuma hivyo vingeishia kwa wauza vyuma chakavu katika majuma machache tu.

Mfano wa Brazil wanivutia zaidi. Mwaka 2002 mji wa Recife ulianzisha mpango wa mazoezi ya bure katika viwanja na bustani za umma. Kilichotangulizwa pale ni mwalimu: mtu aliyesomea elimu ya viungo, anayelipwa na serikali ya mji, ambaye huwaongoza wakazi kwa saa zinazojulikana. Watafiti waliouchunguza mpango huo walikuta kwamba walioshiriki walifanya mazoezi zaidi kuliko wasioshiriki, na mwaka 2011 Wizara ya Afya ya Brazil iliuiga kwa nchi nzima.

Viwanja sisi tunavyo. Karibu kila mtaa wa Nairobi una shule ya msingi ya umma, na uwanja wake hulala kimya Jumamosi, Jumapili na likizo nzima. Kufungua lango kwa saa mbili za asubuhi ni kazi ya mlinzi mmoja na mwalimu mmoja. Tena uwanja unaotumiwa na wazee wa mtaa una mashahidi wengi. Tukumbuke Januari 2015, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walipofyatuliwa vitoa-machozi wakidai uwanja wao uliozungushiwa ukuta. Uwanja ulirejeshwa, lakini wanyakuzi hawajaisha nchini.

Walimu wakuu watauliza, na wana haki ya kuuliza, ni nani atakayejibu endapo kitu kitaibiwa au mgeni akimdhuru mtoto. Ndiyo maana saa za masomo zisiguswe, na mzigo wa ulinzi na bima usitupiwe shule. Uwe wa Kaunti, ambayo Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeikabidhi bustani na mahali pa burudani. Katiba hiyo hiyo, Kifungu cha 57, yataja haki ya wazee kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii.

Makadirio ya bajeti ya Kaunti huwasilishwa bungeni kufikia Aprili 30 kila mwaka, na sheria yataka wananchi wasikilizwe. Walimu waliostaafu, ambao wamezoea kuandika ratiba, wafike katika vikao hivyo na karatasi moja: jina la uwanja, siku na saa wanazozitaka, idadi ya wazee waliojiandikisha, na mshahara wa mlinzi na wa mwalimu wa viungo kwa mwaka mzima.