Kabambare na Kasongo: Dhahabu inaibiwa barabarani, lakini wizi unaanzia kwenye mizani

Mwezi wa 10 mwaka 2025 bei ya dhahabu kwenye soko la dunia ilipita dola 4,000 kwa onsi moja, ni kusema karibu dola 128 kwa gramu. Mchimbaji wa Salamabila, katika teritware ya Kabambare, halipwi bei hiyo, yeye analipwa chini ya pale. Lakini bei ikipanda kule, mwizi wa huku naye anapiga hesabu. Gramu 100 za dhahabu zinaingia ndani ya kisanduku cha kiberiti na nafasi inabaki. Na mwenye kuzibeba, mara nyingi, amepanda nyuma ya pikipiki, peke yake na motari, kwenye barabara ambayo wakati wa mvua hata kukimbia haiwezekani.

Wakiibiwa, watu wanasema: barabara ni mbaya, usalama hakuna. Ni kweli. Ila mwizi wa njiani hasimamishi kila pikipiki. Anasimamisha ile aliyoambiwa. Basi ulizo la kwanza ni hili: nani alimwambia?

Angalieni namna biashara inavyoendeshwa. Negosia ananunua mbele ya watu, kwenye kibanda kilicho wazi, tena siku ileile ambayo wachimbaji wengi wanashuka kutoka machimboni. Mizani iko juu ya meza. Kwenye machimbo mengi ya mashariki, vijiti vya kiberiti na vipande vya feza ya chuma ya zamani bado vinatumika kama mawe ya kupimia, kwa hiyo hata mtoto anayepita anaweza kuhesabu ni vijiti vingapi vimeingia. Jioni, negosia anatafuta motari. Anabishana bei, anasema anakwenda wapi, anasema saa ngapi. Motari anamwambia mwenzake. Usiku ukiingia, watu kumi wanajua safari ya kesho, na hakuna hata mmoja wao aliyeiba kitu.

Jambo hili si la Maniema tu. Kule Marekani kuna maonyesho ambapo wachuruzi wa sarafu za zamani wanakutana kuuza na kununua. Ndani ya ukumbi kuna walinzi na kamera. Wengi wanaibiwa baadaye: mwizi anamfuata mchuruzi hadi kwenye gari, anangojea asimame kula au kutia mafuta, kisha anavunja kioo. Ndiyo maana wanashauriwa wasivae alama ya maonyesho wakiwa nje, wasisimame karibu, wasiache gari hata dakika moja. Shauri lote linalenga kitu kimoja: mtu asijulikane amebeba nini na anapita wapi. Shauri la namna hii halihitaji askari wala feza nyingi.

Huku kwetu, mwenye uwezo anatafuta bunduki kwanza. Lakini bunduki peke yake ina mipaka, na Namoya, jirani kabisa na Salamabila, ilionyesha hivyo. Kampuni ya Banro ilikuwa na walinzi, magari na mashini, hata hivyo mwanzo wa mwezi wa 3 mwaka 2017 wafanyakazi wake 5 walitekwa nyara, na mwezi wa 9 mwaka 2019 ikasimamisha kazi Namoya kwa sababu ya usalama. Na mwenye kusindikiza kwa silaha anataka kulipwa. Gharama hiyo negosia haitoi mfukoni mwake. Anaipunguza kwenye bei ya mchimbaji. Tena sheria ya madini inakataza askari jeshi, polisi na wafanyakazi wa serikali kuingia katika biashara hii, lakini msindikizaji anayelipwa kwa gramu, hapo tumwite nani?

Kuna jambo lingine, na wachuruzi hawapendi kulizungumza. Sheria inataka negosia awe na karte ya mwaka mmoja inayotolewa na gavana wa jimbo. Gavana yuko Kindu. Kwa mtu wa Kabambare, kufika Kindu ni siku za safari na feza nyingi, ndiyo maana wengine wananunua bila karte. Mtu huyo akinyang'anywa, atashitaki wapi? Akienda polisi, ulizo la kwanza litakuwa juu ya karte yake, na anaweza kutoka pale akidaiwa amende juu ya mali aliyokwisha kupoteza. Kwa hiyo ananyamaza. Mwizi anajua kama atanyamaza.

Na feza yenyewe inasafiri kwa mkono. AFC/M23 ilipoingia Bukavu mwezi wa 2 mwaka 2025, benki za mji ule zilifungwa, na wachuruzi waliozoea kutegemea Bukavu wakabeba dola ndani ya mifuko. Mtu anaweza kuibiwa akienda kununua, na tena akirudi na mali. Kutuma feza kwa simu kunasaidia penye rezo na pale wakala ana feza ya kutosha. Machimboni mara nyingi kimoja kinakosekana.

Manegosia wenyewe wanaweza kuanza leo na mambo madogo: kupima ndani ya nyumba, kubadilisha siku ya safari, kutotangaza saa kwa motari, kutoweka feza na dhahabu kwa mtu mmoja. Jambo la karte ni zito zaidi, nalo liko mikononi mwa jimbo. Ofisi ya madini ikija Kasongo na Salamabila mara moja kwa mwaka kuandikisha watu palepale, mwenye kuibiwa atapata mlango wa kupiga hodi. Mpaka sasa anayetaka karte bado anafunga safari ya Kindu, na feza ya karte iko mfukoni mwake.